Sungura Aliyemjua Mama

Kaka yangu Thiik alifuga sungura nyuma ya maabara alikofanya kazi, kule Thongpiny, mtaa wa Juba, na mmoja wa sungura hao alimjua mama yetu. Hakuwahi kumwona. Alimjua kwa damu, kama Thiik alivyotueleza mara nyingi tukiwa tunakula, nasi tukamcheka.

Mchungaji aliniomba niandike maisha ya Thiik yasomwe kanisani siku ya kumaliza matanga. Niliandika, yakaenea ukurasa mmoja: alizaliwa, alikimbia vita, alisoma Kakuma na Kitale, alirudi Juba, alioa, alipata mtoto, ini likamshinda, Bwana akamchukua. Watu wakasema amina. Lakini sungura hakuwemo, wala kibuyu hakikuwemo, na bila hivyo viwili huyo aliyesomwa kanisani angeweza kuwa kaka wa mtu yeyote.

Kibuyu kilikuwa cha mama. Alitoka nacho nyumbani siku ya kukimbia, Thiik akiwa mgongoni na mimi nikiwa tumboni. Wengine walibeba sufuria na mikeka. Yeye alibeba maziwa ya kuchacha, kwa sababu kwetu unaacha kidogo ya jana ili yafundishe ya leo. Hiyo kidogo ya jana mama aliiita mbegu, na mbegu yake aliipata kwa mama yake. Kambini Kakuma hatukuwa na ng'ombe. Mama alikoroga maziwa ya unga ya mgao, akayamimina juu ya mbegu, na mbegu ikaishi. Wanawake wenzake walimtania, "Abuk, ng'ombe wako anaitwa nani? Gunia?" Naye alijibu kwamba Gunia hapigi teke.

Kibuyu kilivaa wavu wa kamba za ngozi, na kamba zile zilikutana juu kwa fundo ambalo mama alinifundisha mimi. Thiik alijaribu akashindwa. Alisema fundo lile halina mwanzo.

Nilipoolewa na kuhamia mtaa wa Gurei, mama alinimiminia mbegu katika kibuyu changu kipya. Kile kikubwa alibaki nacho Munuki, nyumbani kwa Thiik, kwa kuwa kwetu mama huzeekea kwa mwanawe wa kiume. Hivyo ndivyo Josline, mke wa Thiik, alivyokuja kukaa na kibuyu ambacho hakuzaliwa nacho.

Josline ni Mnyankole wa Mbarara, Uganda. Alikuja Juba kushona, akaweka cherehani yake karibu na stendi ya boda, na Thiik akampelekea suruali iliyochanika. Baadaye nilisikia kwamba suruali ile alikuwa ameichana mwenyewe. Nilimpokea wifi yangu kama Mkristo anavyopaswa. Lakini nilipokwenda Munuki nilimkuta mama akicheka na Josline kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Kakuma wala Kitale, na nilipoketi kicheko kilikwisha, wakaniambia, "Hapana kitu, ni maneno ya hapa ndani tu." Mtoto wao alipozaliwa alipewa jina la mama, Abuk. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Josline Mama Abuk. Jina la mama yangu likiitwa sokoni, anayegeuka ni yeye.

Tena alichemsha maziwa. Kwetu maziwa ya kibuyu hayachemshwi. Yanatoka kwa ng'ombe, yanaingia kwenye mbegu, basi. Josline aliyachemsha, akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, ndipo akayamimina. Alisema kwao mtoto wa jirani aliwahi kuugua kwa maziwa mabichi. Nilimtazama mama nikingoja amkemee. Mama aliyanywa, akafuta midomo, akaomba mengine. Kama ningekuwa mimi niliyechemsha, angesema.

Mimi nikaapa moyoni kwamba nitashika njia ya mama peke yangu. Gurei nilinunua maziwa kwa wafugaji asubuhi, yakiwa bado na joto la ng'ombe, nikayamimina mabichi kama alivyofanya mama kabla ya vita.

Sasa niseme juu ya kazi ya Thiik. Mradi wao ulikusanya maziwa ya kuchacha kutoka kwa jamii mbalimbali za wafugaji, ili kujua bakteria wanaoyachachisha wana undugu gani. Nchi nyingine, alisema, kuna mashine za kusoma urithi wa bakteria herufi kwa herufi. Maabara yao ilikuwa na umeme wa jua, jokofu, na sungura.

"Umbo linadanganya," alitueleza siku moja, bakuli la asida, ugali wa kwetu, likiwa katikati yetu. "Ukiwatazama kwa darubini, wote ni vijiti na vidonge. Ni kama kuwatazama watu wa soko la Konyo Konyo ukiwa ndani ya ndege."

"Basi uliza majina yao," Josline akasema.

"Hawana majina. Wana vimeng'enya."

Alieleza kwamba kila bakteria wa maziwa ana kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa uchachu, na anakitengeneza kama alivyokirithi. Vizazi vingi vikipita, kinabadilika kidogo hapa, kidogo pale. Walio na undugu wa karibu wana vimeng'enya vinavyofanana, na walioachana zamani vyao vimetofautiana. Basi yeye alichukua bakteria kutoka kwenye maziwa ya mama, akatoa kimeng'enya chao, akakisafisha, akamdunga sungura kidogo kidogo. Mwili wa sungura ukaona kitu kigeni, ukakisoma, ukatengeneza kingamwili za kukikamata. Kisha Thiik alitoa damu kidogo kwenye sikio la sungura, akaiacha igande, akachukua yale maji meupe yanayobaki juu, yanayoitwa seramu. Ndani ya seramu ile ndimo mlimokuwa na ujuzi wote wa sungura.

"Kwa hiyo sungura anamjua mama," Josline akasema.

"Anajua kimeng'enya kimoja cha bakteria mmoja wa mama."

"Hiyo ndiyo mimi nimesema."

Mama alirudisha tonge lake bakulini. Akauliza, "Hajambo?"

"Nani, mama?"

"Sungura wangu."

Tangu siku hiyo alimtumia majani ya sukuma kila Thiik alipokwenda kazini.

Thiik aliendelea kueleza. Unamimina jeli kwenye kisahani, unatoboa vishimo. Seramu inakaa katikati, vimeng'enya vinakaa pembeni. Usiku vinatambaa ndani ya jeli, na mahali kingamwili inapokamata kimeng'enya inachokijua, panatokea mstari mweupe. "Mkiweka vimeng'enya viwili jirani, tazama mistari yao inapokutana. Wakiwa kitu kimoja, mistari inaungana kuwa mmoja, laini, bila kona. Wakiwa jamaa tu, inakutana, lakini mmoja unazidi mbele na kuchomoza kama mwiba. Na mwiba daima humwelekea yule aliyepungukiwa."

"Na asiye jamaa kabisa?" niliuliza.

"Mgeni hapati mstari."

Nilicheka nikimtazama Josline. Naye hakukasirika. Alisukuma bakuli upande wangu akasema, "Wifi, mimi hapana hitaji jeli. Mwiba yako iko kwa macho." Mama na Thiik wakacheka mpaka asida ikapoa.

Mama alipokuwa anakufa alisema neno moja juu ya kibuyu. Alisema, "Kibuyu kifuate maziwa yangu." Thiik alikuwapo, mimi nilikuwapo, Josline alikuwa anamshika mgongo. Kila mmoja alilisikia kwa sikio lake. Kibuyu kilibaki Munuki kwa sababu Thiik alikuwa Munuki, na sikuuliza, kwa kuwa alikuwa kaka yangu na alikuwa anakuja.

Alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Hilo Josline hakuwa nalo, kwa sababu Jumapili yeye alikuwa na wateja wa nguo za harusi. Thiik alikaa kwenye kiti cha mlangoni, nikampa maziwa yangu, akanywa akasema, "Nipe tena, Awut." Na kabla ya kuondoka alijaza kichupa kidogo, akakitia mfukoni. "Ya njiani," alisema. Hata macho yake yalipokuwa yameshageuka manjano, alikuja. Nilikuwa nikijiambia kwamba maziwa ya mkewe hayamtoshi.

Tulimzika wakati wa mvua. Mchungaji alihubiri juu ya wakwe wema, na kanisa lote likageuza shingo kumtazama Josline aliyekuwa amembeba mtoto. Hakuna aliyehubiri juu ya dada. Mungu anisamehe, nilikaa pale nikihesabu nani alipewa mkono wa pole kwanza, mimi au yeye.

Matanga yalipokwisha, Josline alisema anarudi Mbarara kwa mama yake, pamoja na mtoto. Na kibuyu. Alilisema kama mtu anayesema atachukua mwavuli wake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba Kuach, ndugu yake mama, ambaye hulinda geti la hoteli karibu na uwanja wa ndege. Josline alinifuata kwa boda nyingine, kwa hiyo tulifika pamoja.

"Kibuyu ni cha mama, mjomba," nilisema. "Mtoto anakwenda Uganda, kaka yuko ardhini. Kibuyu nacho kikivuka mpaka wa Nimule, mimi nitabaki na nini?"

"Mama yenu alisema kifuate maziwa yake."

"Ndiyo. Maziwa yake yako kwangu. Ya kwake huyu yameshachemshwa na kuchemshwa. Yamekuwa maziwa ya Mbarara."

"Mjomba, mimi hapana mwizi," Josline akasema. "Mama mwenyewe alikuwa nakunywa. Alikuwa nasema, ongeza."

Mjomba Kuach alifungua geti, gari likaingia, akalifunga. "Nyinyi wawili," akasema, "mimi kazi yangu ni geti. Gari likija, nauliza kitambulisho. Maziwa nitayauliza nini?"

Kisha Josline akasema, polepole, "Sungura."

Mjomba alifikiri anatukanwa. Tulipomweleza, alisema basi iwe hivyo. Ambaye maziwa yake yatatambuliwa na sungura, kibuyu kitamfuata, na asisikie tena kelele za wanawake mbele ya wageni wa hoteli. Tukakubali wote wawili. Mimi nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa na hakika.

Thiik alifanya kazi na mtu anayeitwa Pitia, mpole wa kabila la Bari aliyejifunza Kiswahili Arua. Pitia alitusikiliza, akakuna kichwa. Alisema seramu ya Thiik bado iko kwenye jokofu, na bakteria wa mama wamehifadhiwa humo humo. Kupima si shida. "Lakini msikie. Hiki ni kimeng'enya kimoja cha bakteria mmoja. Kibuyu kina wengi ndani. Mimi siwezi kuapa juu ya kibuyu kizima."

"Tumekubaliana," nilisema.

Kila mmoja aliacha kikombe chake. Ilibidi Pitia awakuze bakteria wetu kwanza, awavunje, atoe kile kimeng'enya, ndipo akiweke kwenye jeli. Siku zile za kungoja niliomba sana. Sikuomba kweli ijulikane. Niliomba mstari.

Alipotuita, tulikwenda na mjomba, maana yeye ndiye aliyekuwa na neno. Tulipita karibu na vizimba vya sungura. Josline alichutama akaingiza majani ya sukuma kwenye kizimba cha mwisho. Hata hilo alikuwa amelikumbuka yeye.

Pitia aliweka kisahani juu ya kioo chenye taa chini. Jeli ilikuwa safi kama maji. Katikati palikuwa na kishimo cha seramu. Juu yake kishimo cha mama, kushoto cha Josline, kulia changu. Mistari myeupe ilikuwa imejichora yenyewe humo ndani, myembamba kama uzi wa kushonea. Nilimtafuta mama kwanza, nikaona mstari wake. Upande wa kushoto ulipinda ukaenda kukutana na wa Josline, na sikuweza kuonyesha ni wapi mmoja uliishia na mwingine ukaanza. Upande wa kulia ulikutana na wangu. Ulikutana, ndiyo. Lakini wa mama ulizidi mbele kidogo, ukachomoza kamwiba, na kamwiba kale kalinielekea mimi.

Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Nilijifunza kusoma kisahani kile nikila asida.

"Malesh, dada," Pitia akasema. "Pole. Ni jamaa. Tazama, mstari upo. Ni jamaa wa karibu."

"Jamaa," nilisema.

"Wewe unachemsha?"

"Mama hakuchemsha."

Alieleza kwa upole, na kila neno lilinichoma. Maziwa mabichi, alisema, yanakuja na bakteria wake, wa kwenye chuchu, wa kwenye mikono ya mkamuaji, wa kwenye debe. Ukimimina kila siku, wageni wanaingia kila siku, mpaka wenye nyumba wanasukumwa nje. Maziwa yaliyochemshwa yanaingia peke yake. "Na mama yenu Kakuma alitumia unga. Unga unaingia bila kundi la wageni. Ndiyo maana mbegu yake ilifika hapa."

Kumbe ni Gunia aliyeitunza. Gunia na sufuria ya Josline. Na mimi niliyeshika njia ya mama bila kuongeza wala kupunguza, ndiye niliyeifukuza mbegu yake kutoka kwenye kibuyu changu, kikombe kwa kikombe, huku nikimshukuru Mungu kwamba sifanani na wifi yangu.

Mjomba Kuach alivaa kofia yake. Kwake geti lilikuwa limeshafunguka. Lakini Pitia bado alikuwa ameinamia kisahani.

"Huu mwiba," akasema, "mimi nimeshauona."

"Wapi?"

"Kwa Thiik. Alikuwa analeta kichupa kila Jumatatu. Sampuli ya Gurei. Hakuwa anasema ni ya nani. Alikuwa anapima, mwiba unatoka, anapima tena. Nikamwambia, mzee, mwiba hautaondoka, andika tumalize. Akasema hii si ya mradi. Akasema, huyu mwenye maziwa haya asije akajua."

Kila Jumapili alikunywa akasema nipe tena. Alijua, na akanywa. Kile kichupa hakikuwa cha njiani.

Ndipo nikamgeukia Josline, maana wivu hauna adabu, hauwezi hata kulia kabla haujauliza. "Alikuambia?"

Josline alikuwa anatazama kisahani. Kicheko chake hakikuwapo. "Hapana."

"Kabisa?"

"Mume yangu alikuwa naniambia hata ndoto zake," akasema. "Hii hakusema." Akarudia, safari hii kama anayejiuliza mwenyewe. "Hii hakusema." Na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nakijua vizuri, kwa kuwa nimekivaa miaka mingi nikienda Munuki.

Siwezi kusema sikufurahi. Naandika haya mbele za Mungu. Yeye amepata mstari laini, lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Thiik alikitoa Gurei akakiweka kifuani, na mkewe hakukipata. Nilikibeba kitu kile kutoka Thongpiny mpaka nyumbani.

Kabla Josline hajasafiri nilikwenda Munuki kumuaga. Mizigo ilikuwa mlangoni, cherehani imefungwa kwenye shuka. Josline alisema, "Wifi, leta chombo, nikugawie mbegu ya mama." Alisema vizuri, bila kujivuna, na hilo ndilo lililonishinda. Nilijibu nina yangu. Thiik alikuwa anaijua jinsi ilivyo, na alikuwa anaomba tena. Ikiwa na mwiba, basi ni mwiba alioumeza.

"Sawa," akasema. "Basi nifungie kibuyu. Mimi hapana weza na barabara ile."

Niliketi chini, nikakipakata. Nilizivuta kamba za ngozi moja baada ya nyingine, nikazikutanisha juu, nikafunga fundo la mama. Nililikaza kwa meno.

Josline alilitazama. "Eh, wifi. Wewe nafunga kama naogopa itatoroka. Nitafungua aje?"

"Ukishindwa, piga simu," nilisema.

Angeweza kuikata kamba. Mbarara hakukosekani kisu. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiwapungia mkono, mtoto Abuk akiwa dirishani na kibuyu mapajani mwa mama yake. Siku zikapita bila neno, nami nikaanza kuamini kwamba ameikata, na kwamba sasa kwa kweli sina kitu.

Simu ililia nikiwa nakoroga maziwa. Niliona jina lake. Niliiacha ilie kidogo, kisha nikapokea.

"Wifi," akasema, na nyuma yake nilimsikia mtoto akililia maziwa. "Hii kamba ya mama naanzia wapi?"

Nilivuta kiti cha mlangoni nikakaa. "Sikiliza," nikamwambia, "na usiniharakishe."